Mkubwa wa Kazi na Ada za Watu Wake

Maneno yetu ya mwezi huu twayaelekeza khasa kwa vijana wanaotoka masomoni, na kwa wazazi wanaowaombea kheri. Leo kijana wa Nangwa aweza kupewa usimamizi wa kundi la wajenzi wa barabara, au wa shamba, au wa hoteli mjini Arusha, au wa kazi katika nchi za Ghuba. Na watu atakaowekwa juu yao hawatakuwa wote wa kabila lake, wala wa lugha yake, wala wa dini yake. Wazee huwausia vijana kama hao mambo mawili, uaminifu na uadilifu, nao wamesema kweli. Lakini twaona liko la tatu ambalo husahauliwa, nalo ni kuwajua watu. Mtu aweza kuwa mwaminifu wa fedha na mwadilifu wa mizani, na juu ya hayo akawadhulumu walio chini yake kwa sababu ya kutojua tu. Usilolijua ni usiku wa kiza.

Sisi wakazi wa Hanang hatuna udhuru katika jambo hili. Karibu na mlima wetu zimekutana lugha zilizo mbalimbali kabisa kwa asili: Kiiraqw, ambacho ni cha jamaa ya Kikushi, Kidatoga, ambacho ni cha jamaa ya Kiniloti, Kirangi na Kinyaturu, ambazo ni za Kibantu, na kwa mwendo wa mbele kidogo Kihadza cha upande wa Ziwa Eyasi na Kisandawe cha mkoa wa Dodoma, ambazo zina sauti za kugonga ulimi. Ni mahali pachache katika Afrika yetu palipo na mkutano kama huo. Watoto wa makabila haya hukaa jamvi moja chuoni, hununua chumvi duka moja, na hupanda basi moja. Lakini kukaa pamoja si kujuana. Wangapi kati yetu humwita jirani Mang'ati bila ya kufikiri, na hali neno hilo latokana na lugha ya Wamasai na maana yake ni adui? Mwenyewe hujiita Mdatoga, au Mbarabaig. Basi mkubwa wa kazi amwitaye mtu wake adui kila asubuhi, atastaajabu kwa nini akiona hatiiwi kwa moyo?

Na madhara ya kutojua tumeyaona hapa hapa wilayani. Tangu mwaka 1970 Serikali yetu, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano katika nyanda za Basotu, chini ya shirika la taifa la kilimo na chakula lililoitwa NAFCO. Yakapatikana mashamba saba, na ardhi iliyotwaliwa ikafika yapata ekari 100,000. Trekta zikaja, na mbegu, na wataalamu, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ngano ya nchi ilitoka huku. Nia ilikuwa njema: taifa lilitaka kula mkate wa jasho lake. Wala hatusemi kwamba waliokuja walikuwa watu waovu.

Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Wabarabaig hawaweki ng'ombe wao mahali pamoja mwaka mzima. Huwahamisha kwa majira, ili kila malisho yapate kupumzika na kuota tena. Nyanda zile zenye rutuba, ambazo wao huziita muhajega, zilikuwa ndizo bora katika mzunguko huo. Mgeni apitaye wakati mifugo iko kwingine huona majani matupu, asione mtu, akadhani hapana mwenyewe. Kumbe mwenyewe yuko, naye atarudi mvua ikinyesha. Walipozuiwa, mifugo ikasongamana katika malisho yaliyobaki, na ardhi ikachoka.

Jingine ni la makaburi. Wabarabaig wana desturi ya kumzika mzee mwenye heshima kwa shughuli ichukuayo miezi, na juu ya kaburi lake hujenga kichuguu kikubwa kiitwacho bung'eda. Kwao mahali hapo ni mahali patakatifu, ambapo vizazi vyake hurejea. Baadhi ya makaburi hayo yalipitiwa na majembe ya trekta. Sisi Waislamu hatuzipokei itikadi zote za watu wengine, wala hatutakiwi. Lakini nani kati yetu angenyamaza kaburi la babu yake likilimwa? Mwenye kuendesha trekta aliona kilima cha udongo, na mwenye kutazama pembeni aliona mzee wake. Jambo ni moja, na macho ni mawili.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki yao. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Ugomvi ukaendelea miaka mingi baadaye, na chuki ikaingia baina ya walinzi wa mashamba na wafugaji. Haya yote yangaliweza kupunguzwa kama mwanzo kabisa wangaliulizwa watu wenyewe, na wangaliulizwa kwa njia yao. Kwa maana Wabarabaig wana mabaraza ya wazee ambamo mambo ya malisho na maji hukatwa. Na wanawake nao wana baraza lao, ambalo laweza kumtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke. Anayemwita mtu mmoja ofisini akamtia sahihi, kisha akadhani amezungumza na Wabarabaig, hakuzungumza nao.

Siku hizi jambo hili limekuwa elimu yenye jina. Mwaka 2003 wataalamu wawili, Christopher Earley na Soon Ang, walitoa kitabu juu ya kile walichokiita akili ya utamaduni, yaani uwezo wa mtu kufanya kazi vyema na watu wa ada zisizo zake. Waliofuata njia hiyo wameigawa mafungu manne, nasi twayaeleza kwa maneno yetu.

La kwanza ni hamu. Asiyependa kuwajua watu hatawajua, hata akikaa nao miaka ishirini.

La pili ni maarifa. Jifunze watu huamkianaje, nani husema mbele ya nani, siku gani ni kubwa kwao, na kipi hakiliwi. Wairaqw, kwa mfano, wazee wao wanapokutana huwa na maombi marefu ya baraka yaitwayo slufay, mmoja akisema na wengine wakiitikia. Msimamizi atazamaye saa yake na kuondoka katikati hajaokoa dakika kumi. Amepoteza mwaka mzima. Na kijana aendaye ng'ambo ajue ya kwamba hata siku za kazi si sawa: Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, na Serikali ya Falme za Kiarabu tangu mwaka 2022 hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa hufanya kazi nusu ya siku.

La tatu ni kufikiri kabla ya kuhukumu. Mtu akinyamaza mbele yako, usiseme amekubali. Na asipokutazama usoni, usiseme ana hila. Huenda hiyo ndiyo heshima aliyofundishwa na mama yake. Mwulize faraghani, au muulize mtu wa kwao aliye na busara. Wala usidhani kuwa ukimjua mmoja umewajua wote, kwa kuwa katika kila kabila mna mpole na mkali, na mvivu na mchapakazi.

La nne ni mwenendo. Maarifa yasiyoonekana katika ulimi na mikono hayamfai mtu. Jifunze salamu ya watu wako hata ukiikosea, nao watacheka, kisha watakupenda.

Haya si mageni kwetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na zijibiwe na mtu wake mwenyewe. Na katika mwaka wa 5 wa Hijra, Madina ilipozungukwa na majeshi, shauri la kuchimba handaki lilitoka kwa Salman, mtu wa Uajemi, kwani Waarabu hawakuwa na desturi hiyo ya vita. Halikukataliwa kwa kuwa ni la mgeni. Mji mzima ukachimba, na Mtume mwenyewe akachukua udongo pamoja nao. Hapa mna mafunzo mawili: mkubwa huwajua watu wake ili asiwadhulumu, na huwajua pia ili asikose kheri waliyo nayo. Lau wataalamu wa Basotu wangaliwauliza wazee wa Kibarabaig juu ya mvua, udongo na majani, wangalipata elimu ya vizazi vingi bila ya kulipa hata senti.

Basi enyi wazazi, msingoje mtoto apewe cheo ndipo ajifunze. Mwanzo wake ni nyumbani: mtoto amwite jirani kwa jina alipendalo, ajue salamu ya Kiiraqw na ya Kidatoga, asicheke nguo ya ngozi wala lafudhi ya mtu. Nawe kijana, siku utakapokabidhiwa watu, kabla hujatoa amri ya kwanza, uliza maswali matatu: Hawa huitana nani? Nani husema kwa ajili yao? Na ni kipi hapa ambacho mimi nakiona udongo, na wao wanakiona mzee wao? Ukishapata majibu yake, toa amri, nayo itafuatwa.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote katika kheri. Amin.