Magitaa Mabovu Yafundishwe

Baadhi ya walimu Kitui na Makueni hushikilia kwamba gitaa haliwezi kufundishwa kwa kuwa yaliyopo shuleni ni mabovu: nyuzi zimeinuka mno shingoni, na sauti za juu hupotoka. Sikubaliani nao. Benga, aliyoipiga Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers kwa Kikamba na Kiswahili hadi alipofariki mwaka 1987, iliiga nyatiti, chombo cha nyuzi nane, kila uzi sauti moja tu! Basi mwanafunzi na abane nyuzi karibu na kichwa cha gitaa, zisikopotoka. Akitaka kuinua ufunguo umfae mwimbaji, afunge penseli shingoni kwa mpira. Kikamba kina irabu saba, Kiswahili tano. Sijamsikia malenga akidai aongezewe mbili.