Nani Anayengoja Toleo Jipya?

Mwezi Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Mlimani, sehemu iliyokuwa wakati huo katika Wilaya ya Kinondoni, kilitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia na kupangia hesabu ambayo vitufe vyake vilisomeka kwa Kiswahili. Kazi hiyo ya mradi wa Kilinux ilistahili sifa zote ilizopata. Yaliyofuata hayazungumzwi sana.

Jambo OpenOffice haikuzaliwa Mlimani. Ilikuwa tafsiri ya OpenOffice.org ya mfululizo wa 1.1, ambayo watungaji wake wa asili walikuwa ng'ambo. Oktoba 2005 watungaji hao walitoa toleo la 2.0, lenye namna mpya ya kuhifadhi hati na sehemu nzima ya hifadhidata ambayo hapo awali haikuwamo. Kila kitufe kipya na kila onyo jipya lilidai neno la Kiswahili. Hata mwaka haujatimia, tafsiri ilikwisha kuachwa nyuma. Mwaka 2010 baadhi ya watungaji wakajitenga na kuanzisha LibreOffice. Hapo mfasiri alipaswa kujua hata amfuate nani.

Kosa letu ni kuhesabu uzinduzi kuwa mwisho wa kazi. Katika Debian, mkusanyo wa programu huria ulioanzishwa mwaka 1993, kila kifurushi kina mtunzaji anayejulikana. Huweka faili dogo lenye anwani ya watungaji wa asili, na programu iitwayo uscan hulinganisha namba ya toleo la huko na la hapa. (Mwanafunzi wa hesabu ajihadhari: 1.10 ni jipya kuliko 1.9, maana nukta hiyo si ya desimali.)

Hata hivyo kuona si kupokea. Machi 2024 iligunduliwa kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya xz yalifichwa mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Mashine hutangaza namba. Kusoma kilichobadilika ni kazi ya mtu.

Mtu huyo aweza kuwa mwanafunzi wa Mbagala au Bunju. Chama cha kompyuta cha shule kimkabidhi programu moja tu, aandike kila toleo linapotoka, lina mabadiliko gani, na maneno gani bado hayana Kiswahili. Kwa kuanzia atahitaji kalenda, daftari, na Kiingereza cha kidato cha tatu.