Mtabiri Aliye Ndani ya Ulimwengu

Mwaka 1814 mwanahesabu Mfaransa, Pierre-Simon Laplace, aliandika kwamba lau ingekuwapo akili inayojua kwa wakati mmoja mahali kilipo kila kitu na nguvu zote zinazokisukuma, tena ikaweza kuzipigia hesabu habari hizo zote, basi wakati ujao ungekuwa dhahiri mbele yake sawa na uliopita. Hata leo wapo wanaodhani kuwa tulichopungukiwa ni mashine yenye nguvu zaidi tu, ilhali kizuizi kikubwa ni kwamba sisi na mashine zetu tumo ndani ya ulimwengu ule ule tunaotaka kuutabiri.

Natuijaalie mashine hiyo imekwisha kamilika, ikawekwa chumbani penye taa mbili, nyekundu na kijani, ikaulizwa itakayowaka adhuhuri ni ipi. Na fundi akaziunga nyaya hivi kwamba jibu la nyekundu huwasha ya kijani, na jibu la kijani huwasha nyekundu. Ikijibu itakosea, ikinyamaza haijatabiri, ijapokuwa katika nyaya zile hamna hata chembe ya bahati nasibu. Mwanafalsafa Karl Popper alitoa hoja ya jinsi hii mwaka 1950, akabainisha kwamba hata kwa kanuni za Newton mtabiri hawezi kuyajua yote yatakayompata yeye mwenyewe. Isitoshe, hapana habari iendayo mbio kuishinda nuru, na nuru ya jua hutufikia baada ya dakika 8 hivi. Basi aliye ndani haijui hata hali ya sasa ya ulimwengu mzima, sembuse ya kesho.

Wala mtu asiidharau elimu kwa hoja hii. Majedwali hututajia bamvua na maji mafu ya mwaka mzima, na kupatwa kwa mwezi hujulikana miaka mingi kabla, kwa sababu mwezi hausikii tunayoyanena juu yake. Wanadamu husikia, na kwa hiyo bei, uchaguzi na vita hugeuka vikishatabiriwa. Iwapo mambo yote yamekadiriwa tangu azali, hilo ni suala jingine, nami siligusi. Lakini atujiaye na hesabu zake akatuambia kwamba kesho yetu imekwisha amuliwa, hivyo hapana haja ya kushauriana, tumkatalie kwa yakini, maana shauri letu nalo ni sehemu ya hesabu hiyo, na hesabu haifungwi kabla hatujalitoa.