Kemia ya darasani na lori lililozuiwa mpakani

NYAKURON, JUBA. Anayeleta unga wa mahindi Juba huenda hajawahi kujiuliza kemia inafundishwaje chuo kikuu. Ajiulize sasa. Mwaka 2023 malori ya nafaka kutoka Uganda yalizuiwa Sudan Kusini kwa madai ya sumukuvu. Machi 2021 Kenya nayo ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinajulikana: sumukuvu yote isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kukariri namba hiyo ni rahisi. Ugumu uko kwenye sampuli. Sumu hii haisambai sawasawa, gunia moja laweza kuwa safi na la jirani likawa na sumu. Mkemia aliyezoea kunakili ubaoni atachota kiganja kimoja na kuhukumu shehena nzima. Aliyezoeshwa kutatua matatizo na kujisimamia hupanga kwanza, huchota sehemu nyingi, hurudia kipimo, kisha hukagua kazi yake kabla ya kusaini.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya mwaka 2016. Viwango vikiwa vimoja lakini wapimaji wakafundishwa tofauti, cheti cha Kampala kitaendelea kutiliwa shaka Nimule, na hasara itabaki kwa mwenye mzigo. Mawaziri wanaojadili viwango wajadili pia maabara za wanafunzi. Kwa sasa, mfanyabiashara adai mambo mawili: sampuli ichukuliwe mbele yake, na sehemu yake ihifadhiwe kwa kipimo cha pili.