Mashine Mpya, Koleo la Zamani

Nchini mwetu mashine inapozinduliwa, utepe hukatwa na picha hupigwa. Fungu la vipuri halizungumzwi. Nimelikumbuka hilo kila ninapowasikia wenzangu wakidai kuwa hospitali zetu za rufaa zinunue mitambo ya kutengeneza vizibo vya meno vya kauri kwa kompyuta. Teknolojia yenyewe siipingi. Sifa iliyo nayo imeipata kwa kazi.

Ilianzia Chuo Kikuu cha Zürich, ambako daktari wa meno Werner Mörmann na mhandisi Marco Brandestini walifanikisha tiba ya mgonjwa wa kwanza mwaka 1985. Kamera ndogo hulipiga picha tundu la jino, kompyuta husanifu kizibo chake, na mashine hukichonga kutoka katika bonge la kauri mgonjwa angali kitini. Katika kliniki moja ya Uswisi, vizibo vya namna hiyo vilivyowekwa kuanzia mwaka 1989 vilifuatiliwa kwa miaka 27, na kwa makadirio ya watafiti zaidi ya 85 kati ya kila 100 vilikuwa vingali vinatumika.

Wauzaji huinukuu tarakimu hiyo kana kwamba ni ya mashine peke yake. Sivyo. Kauri ni ngumu, lakini huvunjika kama kikombe. Uimara wake mdomoni hutegemea jinsi ilivyogandishwa. Jino hukingwa lisiguswe na mate, hupakwa asidi, kauri nayo hupakwa asidi yake, kisha viwili hivyo huunganishwa kwa gundi maalumu. Mate yakipenya, ustadi wote wa kompyuta umekwenda bure. Tena, ili tujue leo kwamba kizibo kimedumu miaka 27, ilibidi kliniki iwepo muda wote huo, majalada yatunzwe, na mgonjwa awe na nauli ya kurudi kukaguliwa.

Kwetu, wagonjwa wengi wa meno hufika hospitali ya umma baada ya kukesha na maumivu siku nyingi, na tiba yao ni koleo. Daktari simlaumu: uozo umekwisha kufika kwenye neva, kutibu mzizi huweza kuhitaji kurudi zaidi ya mara moja, na fedha hazipo. Mtambo wa kauri hautamfikia mtu huyo. Utatuhudumia sisi wenye bima, nami nalisema hilo kwa aibu kidogo.

Kwa hiyo ninawaomba maofisa mipango, kabla ya kutia saini, watuonyeshe fungu la kila mwaka la mabonge ya kauri, la gundi ambayo huisha muda wake ikiwa stoo, la fundi wa matengenezo, na la matabibu wa meno wa wilayani watakaoziba matundu yangali madogo. Kama fungu hilo halipo, fedha zitangulie wilayani. Na mtambo ukinunuliwa hata hivyo, hospitali itangaze kila mwaka imeweka vizibo vingapi, na vya mwaka uliotangulia vimebaki vingapi.