Siku 90 za Mama: Sheria Imesema, Sisi Je?



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, wazazi na wanafunzi, wako wanaodhani kwamba serikali kumsaidia mama aliyejifungua ni jambo la kizungu lililokuja juzi. Tuangalie historia.

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipoweka daftari la posho, mtoto hakuandikiwa mpaka aachishwe ziwa. Imepokewa kuwa usiku mmoja alimsikia mtoto akilia sana. Alipouliza, mama, bila ya kumtambua, akajibu kuwa anamwachisha mapema ili apate posho. Umar alihuzunika mno, akaamuru itangazwe kwamba kila mtoto wa Kiislamu aandikiwe tangu kuzaliwa. Zingatieni: sharti moja la serikali lilikuwa linamkatisha mtoto ziwa, ilhali Qur'ani (2:233) imetaja miaka miwili kamili na kumpa baba jukumu la chakula na nguo za mama.

Huko Ulaya, Ujerumani ilianza na sheria ya bima ya ugonjwa ya 1883. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wa wiki 12 za uzazi. Kwetu Afrika Mashariki, sheria ya Kenya ya 1976 ilitoa miezi miwili, lakini mama akapoteza likizo yake ya mwaka. Ile ya 2007 ikatoa miezi mitatu. Tanzania, kwa sheria ya 2004, ni siku 84, na 100 kwa mapacha. Hapa Msumbiji sheria ya kazi ya 2007 ilitoa siku 60. Sheria namba 13/2023, iliyoanza kutumika Februari 2024, imetoa siku 90, na baba ameongezewa kutoka siku 1 hadi 7.

Alhamdulillah. Lakini tujiulize, nani anazipata? Ni mwenye mkataba wa kazi na anayechangiwa INSS. Mama wa Nhica do Rovuma anayeishi kwa jembe hana mwajiri wa kumpa ruhusa. Kwake siku 90 ni maandishi tu.

Wengine husema, "Arobaini yatosha." Ndugu zangu, siku 40 ambazo wanazuoni wengi wamezitaja ni ukomo wa nifasi, yaani hukumu ya swala, saumu na unyumba. Si amri ya kumrudisha mama shambani siku ya 41.

Basi nashauri haya:

1. Mume ashike jembe, maji na kuni kwa siku 90. Mwajiriwa mwenye siku 7 azitumie nyumbani, si barazani.

2. Msikiti uwe na mfuko wa wazazi. Mama fukara au masikini ni katika wanaostahiki zaka.

3. Vijana wetu wanaoajiriwa wadai mkataba na kuandikishwa INSS tangu mwanzo.

4. Tuiombe serikali ruzuku ya mtoto wa miaka 0 hadi 2, iliyojaribiwa Nampula, ifike na kwetu.

Umar hakungoja mtoto yule akue ndipo abadilishe amri yake. Nasi tusingoje sheria ifike shambani, maana mtoto aliyezaliwa leo ananyonya leo.

Wabillahi tawfiq.