Kipimo kije kabla ya muhuri

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi wetu wa Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, tuliijua siku X nyekundu za kubomolewa zilipochorwa kwenye kuta za nyumba zetu. Marehemu baba alipouziwa kiwanja Kigogo, humo bondeni, karatasi ya mauziano iligongwa muhuri, umeme ukavutwa, kodi ya jengo ikapokelewa miaka yote. Hakuna aliyekuja na futi kamba kupima umbali kutoka mtoni. Desemba 2011 maji yakatukuta ndani, tukapandisha watoto juu ya bati. Naziomba halmashauri zisimike vigingi vya mita 60 vinavyoonekana, na muhuri usigongwe kabla mpimaji hajakanyaga kiwanja chenyewe.